Mashine Inahesabu, Lakini Nani Anaiambia Ihesabu Nini?

Mbuzi amevunjika mguu. Mbuzi imevunjika mguu.

Kwa msomaji wa Kiswahili hizi ni habari mbili zisizohusiana kabisa. Ya kwanza inamhitaji daktari wa mifugo, ya pili inamhitaji seremala, kwa kuwa mbuzi hiyo ni ya kukunia nazi. Kilichobadilika ni herufi moja tu, tena haimo katika neno lenye utata. Imo katika kitenzi kinachofuata. Nomino imekaa kimya, kiambishi cha upatanisho ndicho kilichosema.

Sasa ipe sentensi ya pili mashine ya kutafsiri iliyolelewa kwa hesabu tupu. Imesoma mamilioni ya sentensi, na humo mbuzi wa kufugwa ametajwa mara nyingi mno kuliko mbuzi ya jikoni. Neno "mguu" nalo limeandamana zaidi na watu na wanyama kuliko na vyombo. Kila takwimu iliyo nayo inaivuta upande wa mnyama. Ushahidi pekee unaopinga ni herufi "i" mwanzoni mwa kitenzi, na kama mashine imefundishwa kuliona "imevunjika" kuwa neno zima lisilo na undugu wowote na "amevunjika", ushahidi huo kwake haupo. Itaandika kwamba mnyama ameumia, kwa Kiingereza fasaha kisicho na doa, na msomaji wa upande wa pili hatakuwa na namna ya kushuku.

Historia ya tafsiri ya mashine huelezwa kama ugomvi wa kambi mbili. Kuna waliotaka kuifundisha kompyuta maana na sarufi, kanuni baada ya kanuni, na kuna waliosema iachwe ihesabu maandishi mengi ijionee yenyewe. Kambi ya pili ikashinda, hadithi ikaisha. Sipingi kwamba ilishinda, tena ilishinda kwa haki. Ninachopinga ni funzo tulilolichota hapo, kwamba uchambuzi wa maana sasa ni kazi ya makumbusho. Hesabu haijichagulii kitu cha kuhesabu. Lazima mtu aamue kipande kimoja cha lugha kinaanzia wapi na kuishia wapi, vipande vipi ni ndugu, na tafsiri nzuri inapimwa kwa kipimo gani. Maamuzi hayo matatu ni ya kiisimu. Yasipofanywa na anayeijua lugha yatafanyika hivyo hivyo, ila yatafanywa na mazoea ya lugha nyingine, mara nyingi Kiingereza.

Turudi nyuma kidogo, kwa haraka. Julai 1949 mwanahisabati Warren Weaver, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller, aliandika waraka mfupi wenye jina "Tafsiri". Ndani yake mna wazo ambalo mpaka leo halijachuja. Ukilitazama neno moja kupitia tundu kwenye karatasi, alisema, huwezi kujua lina maana gani. Lipanue tundu uone maneno kadhaa kulia na kushoto, na kwa kiwango fulani cha upana maana itajitokeza. Swali la Weaver lilikuwa tundu liwe na upana gani. Tazama jinsi takwimu na maana zilivyokuwa kitu kimoja katika kichwa chake: maana ni jambo la kutafutwa, na majirani wa neno ndio njia ya kuitafutia.

Tarehe 7 Januari 1954 Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM wakaonyesha hadharani kompyuta ikitafsiri sentensi za Kirusi kwa Kiingereza. Msamiati ulikuwa maneno 250, kanuni za sarufi zilikuwa 6. Magazeti yakashangilia, na wahusika wakatabiri kwamba ndani ya miaka michache kazi ingekuwa imekwisha. Haikuisha. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel, mmoja wa watafiti wa mwanzo kabisa wa fani hii, alitoa mfano uliowakata wengi maini: mtoto anatafuta sanduku lake la vitu vya kuchezea, hatimaye analipata, nalo limo ndani ya "pen". Neno hilo la Kiingereza ni kalamu, na pia ni kizimba cha mtoto kuchezea. Kila mtu anajua sanduku haliingii ndani ya kalamu, lakini ujuzi huo haumo katika sarufi wala katika kamusi, umo katika kuishi duniani. Miaka sita baadaye ripoti ya kamati ya ALPAC ikawaambia wafadhili wa Marekani kwamba fedha zao hazikuwa zimezaa walichotarajia, na mfuko ukafungwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa IBM, akiwamo Peter Brown na Robert Mercer, waliingia kwa mlango mwingine. Walichukua kumbukumbu za Bunge la Kanada, ambazo kwa mujibu wa sheria huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, wakaiachia kompyuta ihesabu. Makala yao ya 1990, na ile ndefu ya 1993 iliyojaa hesabu, ndizo zilizogeuza fani. Hawakuandika kanuni hata moja inayosema neno hili ni lile. Waliuliza maswali mawili tu: je, sentensi hii inaelekea kuwa tafsiri ya ile? Na je, inasikika kama lugha ya watu? Majibu yote mawili yalitoka kwenye kuhesabu.

Inafaa tuone kuhesabu huko kunavyokwenda, maana uzuri na udhaifu vyote vimo humo. Chukua jozi tatu za sentensi. "Nyumba yangu" ni "my house". "Nyumba kubwa" ni "big house". "Kitabu changu" ni "my book". Mashine haijui lolote, kwa hiyo mwanzoni inagawa sawa kwa sawa: katika jozi ya kwanza, "nyumba" inaweza kuwa "my" au "house", nusu kwa nusu. Halafu inatazama jozi zote kwa pamoja. "Nyumba" imekutana na "house" mara mbili, lakini na "my" na "big" mara moja moja. Basi uzito wa "house" unapanda. Ukishapanda, katika jozi ya kwanza "my" linabaki bila mwenyewe na kuangukia kwa "yangu". Katika ya pili "big" linaangukia kwa "kubwa". Mashine inarudia mzunguko, kila mara ikijisahihisha kwa matokeo ya mzunguko uliopita, mpaka namba zitulie. Hakuna aliyeifundisha. Mara ya kwanza mtu kuliona hili kwenye karatasi huwa ni vigumu asitabasamu.

Lakini tazama jozi ya tatu. "Kitabu" limetokea mara moja tu, "changu" mara moja tu, na yote mawili yamekutana na "my" na "book" kwa usawa. Zungusha mara kumi, zungusha mara elfu, bado nusu kwa nusu. Mashine haiwezi kuamua, ingawa jibu liko mbele ya macho yetu: "my" tulishaliona kwenye jozi ya kwanza likiwa "yangu", na "changu" ni "yangu" iliyovaa nguo ya ngeli nyingine. Sisi tunaona mzizi "-angu". Mashine inaona wageni wawili.

Sasa kata maneno hayo mahali ambapo sarufi inakata. Andika "y-angu" na "ch-angu", kisha endesha hesabu ile ile bila kubadili hata alama moja ya fomula. Mzizi "-angu" umetokea mara mbili, na mara zote mbili "my" lilikuwapo. Fumbo linafumbuka, na "book" linampata "kitabu" wake. Takwimu ni zile zile, data ni ile ile. Kilichoongezwa ni taarifa moja ya kiisimu kuhusu kipande ni kipi.

Mtu atasema huo ni mfano wa kuchezea, kwenye data halisi "kitabu" lingetokea mara nyingi na tatizo lingejitatua. Ni kweli kwa "kitabu". Si kweli kwa lugha nzima. Mizizi sita ya umilikishi, kutoka "-angu" hadi "-ao", ikivishwa viambishi tisa vya upatanisho inatoa maumbo 54, na kila umbo linadai lionekane mara za kutosha ndipo lieleweke. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Nenda kwenye kitenzi. Viambishi vya mtenda, ukivihesabu kwa umbo, ni takribani 15. Vya wakati na hali, kwa uchache, 8. Nafasi ya mtendwa ina takribani 14, au inaachwa wazi. Zidisha na utapata kama maumbo 1,800 ya mzizi mmoja, kabla hujagusa ukanushi, urejeshi, na minyambuliko ya kutendea, kutendesha na kutendana. Hakuna kopasi, yaani hazina ya maandishi ya kufunzia mashine, duniani itakayokuonyesha yote. Umbo ambalo mashine haijawahi kuliona si kosa la nadra katika Kiswahili, ni mkate wa kila siku.

Tena kuna suala la vipimo vya pande mbili. "Wasingalituambia" ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno sita. Modeli za awali za IBM ziliweka sharti kwamba kila neno la lugha inayotafsiriwa kwenda liunganishwe na neno moja tu, basi, la lugha chanzi. Kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, neno hilo moja lingechagua baba mmoja kati ya sita na kuwakana watano. Sharti hilo halikuwekwa kwa ubaya. Liliwekwa na watu waliokuwa wakitazama Kiingereza na Kifaransa, lugha ambazo mipaka ya maneno yake inakaribiana. Ndiyo maana nikasema mazoea ya lugha nyingine huingia kimyakimya: yaliingia kama sharti la kihisabati, na sharti la kihisabati halionekani kuwa na uraia.

Haina maana kwamba hakuna aliyeona. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza tangu miaka ya 1980 kujenga SALAMA, mfumo wa kuchambua Kiswahili unaochukua neno kama lile na kulitaja kiambishi kwa kiambishi, ngeli kwa ngeli. Yeye aliegemea kanuni, na alizitetea hata wakati ambapo kuzitetea kulimfanya mtu aonekane wa zamani. Nadhani alikosea kutazamia kwamba kanuni peke yake zingeibeba tafsiri nzima. Ila swali lake, la nini hasa kimo ndani ya neno la Kiswahili, ndilo swali ambalo waliohesabu walipaswa kuanza nalo.

Kuna kisa kimoja cha utafiti ambacho kwangu kinamaliza ubishi wa takwimu na maana vizuri kuliko vyote. Miaka mingi wanaisimu wa kompyuta walikuwa wamejenga mifumo ya kubainisha maana: unaipa sentensi, inakuambia neno lenye maana nyingi limetumika kwa maana ipi kati ya zilizoorodheshwa kwenye kamusi. Kila mtu aliamini kwamba ukiiunganisha na tafsiri ya kitakwimu, tafsiri itaboreka. Mwaka 2005 Marine Carpuat na Dekai Wu, wakifanya kazi Hong Kong, walijaribu kwa Kichina na Kiingereza. Haikuboreka. Matokeo yale yaliwafurahisha sana waliokwisha kuamini kwamba maana ni mzigo usio na faida.

Mwaka 2007 Carpuat na Wu walirudi na matokeo ya kinyume, na mwaka huo huo kundi jingine, la Chan, Ng na Chiang, likafikia hitimisho lile lile: kubainisha maana kunasaidia. Nini kilibadilika kati ya 2005 na 2007? Si kwamba kompyuta ziligundua maana. Waliacha kutumia maana za kamusi. Badala ya kuuliza "neno hili ni maana ya tatu au ya nne kwenye orodha?", wakauliza "kwa muktadha huu, neno au kifungu hiki kingetafsiriwaje katika lugha lengwa?" Na badala ya kulitenga neno moja, wakabainisha vifungu vizima, vile vile ambavyo mfumo wa kutafsiri ulikuwa ukivitumia. Kamusi inaweza kutenganisha maana tano ambazo lugha lengwa inazieleza zote kwa neno moja. Kuzitofautisha ni kazi bure. Au inaweza kuunganisha mbili ambazo lugha lengwa lazima izitenge. Uchambuzi wa maana ulioshindwa 2005 haukushindwa kwa sababu ulikuwa wa maana. Ulishindwa kwa sababu ulikata mahali ambapo tafsiri haikuhitaji kukatwa.

Kisa hicho kinastahili kufundishwa kwa kila anayeanza kazi hii, kwa sababu kinazipiga kambi zote mbili. Wanaisimu (nasi tuna kiburi chetu) hupenda kudhani kwamba uchambuzi wowote ulio sahihi lazima uwe na faida. Hapana. Kwa kazi ya tafsiri, uchambuzi una thamani pale tu unapobadili uamuzi ambao tafsiri inapaswa kuufanya.

Je, mitandao ya neva, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza yenyewe kutokana na mifano mingi, haijayafuta haya yote? Kwa sehemu kubwa imeyafuta, na anayebisha hajatumia mifumo ya sasa. Mwaka 1957 mwanaisimu J. R. Firth aliandika kwamba neno hujulikana kwa wanaoandamana nalo, naye Zellig Harris alikwisha kusema jambo la karibu na hilo mwaka 1954. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake walionyesha njia nyepesi ya kuligeuza wazo hilo kuwa vekta, safu ya namba inayoliweka kila neno karibu na yale yanayofanana nalo kwa matumizi. Mwaka 2014 Bahdanau, Cho na Bengio wakaipa mashine uwezo wa kurudi kutazama sehemu mbalimbali za sentensi chanzi kila inapoandika neno, na mwaka 2017 ukaja muundo wa Transfoma uliojengwa juu ya uwezo huo tu. Tundu la Weaver likawa pana kama sentensi nzima, kisha aya, kisha zaidi. Mashine ya namna hii, ikipewa maandishi ya kutosha, inaweza kujifunza yenyewe kwamba "i" kwenye kitenzi inamkana mnyama.

Ikipewa maandishi ya kutosha. Na ikipewa vipande vinavyoonyesha hiyo "i". Mifumo mingi ya sasa haisomi maneno mazima, inasoma vipande vidogo vinavyochaguliwa kwa hesabu: herufi zinazoandamana mara nyingi zinagandishwa pamoja, tena na tena, hadi msamiati ujae. Njia hiyo ilibuniwa mwaka 1994 kwa ajili ya kubana mafaili, na mwaka 2016 Sennrich, Haddow na Birch wakaileta kwenye tafsiri. Imesaidia mno, lakini haijui kiambishi. Inagandisha kinachojirudia, na katika mfumo unaohudumia lugha nyingi kwa pamoja, kinachojirudia zaidi ni cha lugha zenye maandishi mengi zaidi. Kwa hiyo "amevunjika" na "imevunjika" zinaweza kukatwa sehemu tofauti kabisa, mzizi mmoja ukaonekana kwa sura mbili. Mashine kubwa inaweza kuvuka kikwazo hicho kwa kusoma zaidi. Lugha yenye maandishi machache haina hiyo anasa ya kusoma zaidi, na hapo ndipo uchambuzi wa mofolojia, wa jinsi neno linavyoundwa, unaporudi kuwa njia nafuu.

Vekta nazo zina upofu wao. Kinyume cha neno huandamana na majirani wale wale: panapotokea "moto" hutokea "baridi", wanaokubali na wanaokataa wanakubali na kukataa mambo yale yale. Kwa kipimo cha majirani, maneno hayo ni ndugu wa karibu. Msomaji anajua kwamba kati ya "atalipa" na "hatalipa" kuna kesi mahakamani. Kwa hesabu ya majirani kuna herufi moja.

Lipo pia jambo ambalo takwimu, kwa maumbile yake, haziliwezi: kukaa kimya. "Yeye ni daktari" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinadai useme. Mashine itahesabu, itakuta madaktari waliotajwa zamani wengi walikuwa wanaume, itaandika mwanamume. Kwa muuguzi itaandika mwanamke. Kituruki kina hali hiyo hiyo, na mwaka 2018 Google ilianza kuonyesha tafsiri zote mbili kwa sentensi fupi za Kituruki za namna hiyo. Suluhisho hilo halikutoka kwenye kuhesabu zaidi. Lilitoka kwa mtu kuchambua na kusema: taarifa hii haimo katika sentensi chanzi, kwa hiyo tusiibuni. Kutambua pengo ni uchambuzi wa maana wa hali ya juu kabisa, na ajabu yake ni kwamba hauhitaji mashine kujua zaidi, bali ijue kwamba haijui.

Hata hivyo, nikiulizwa pengo kubwa liko wapi leo, sitasema liko kwenye kutafsiri. Liko kwenye kupima. Kwa miaka zaidi ya ishirini kipimo kilichotawala ni BLEU, kilichotolewa na watafiti wa IBM mwaka 2002. Kinalinganisha tafsiri ya mashine na ya mtu kwa kuhesabu maneno na mifuatano ya maneno yanayolingana. Tujaribu kwa mkono. Tafsiri ya mtu inasema: "Mgonjwa asinywe dawa hii kabla ya kula." Mashine ya kwanza imeandika: "Mgonjwa anywe dawa hii kabla ya kula." Mashine ya pili imeandika: "Mtu anayeumwa asitumie dawa hii akiwa hajala." Ya kwanza imepatia maneno sita kati ya saba, pamoja na mfuatano mzima wa maneno matano. Ya pili imepatia mawili, "dawa hii", basi. Kwa BLEU ya kwanza ni bora kwa mbali. Kwa mgonjwa, ya kwanza ni hatari na ya pili ni sahihi.

Mwaka 2015 Maja Popović alipendekeza chrF, kipimo kinachohesabu herufi badala ya maneno, na kwa lugha zenye viambishi vingi kama yetu ni hatua nzuri: "changu" na "yangu" hazihesabiki tena kuwa ngeni kabisa. Lakini kwenye mfano wa dawa kinazidisha kosa. "Anywe" na "asinywe" zinachangia herufi nyingi, kwa hiyo tafsiri ya hatari inapata alama zaidi.

Waliojaribu kupima maana yenyewe wapo. Chi-kiu Lo na Dekai Wu, Wu yule yule, mwaka 2011 walileta MEANT, kipimo kinachouliza nani alimfanyia nani nini, kisha kinatazama kama majukumu hayo yamehifadhiwa katika tafsiri. Mwaka 2020 kikaja COMET, mtandao wa neva uliofunzwa kwa hukumu za watu, na baadaye AfriCOMET kwa lugha za Kiafrika. Ni maendeleo ya kweli. Nina shaka moja tu: kipimo kilichojengwa kwa vekta kinarithi upofu wa vekta, na kama ukanushi unapotea ndani ya mtafsiri, hakuna dhamana kwamba hautapotea ndani ya hakimu.

Hapa ndipo ningependa nguvu za wanaisimu ziende, badala ya kulilia kanuni zilizokufa. Zipo sampuli za kupimia zinazojumuisha Kiswahili, kama FLORES iliyotolewa na Meta, lakini zinatoa alama moja ya jumla, na alama ya jumla haionyeshi ugonjwa uko kiungo gani. Kinachotakiwa ni sentensi zilizopangwa jozi jozi kwa makusudi, zinazotofautiana kwa kipengele kimoja: ukanushi peke yake, ngeli peke yake, mtenda na mtendwa waliobadilishana nafasi, "paa limeanguka" na "paa ameanguka". Mia chache za kila kundi zinatosha kuonyesha mfumo unafeli wapi. Hazihitaji kompyuta za mamilioni. Zinahitaji watu wanaozijua lugha zote mbili, wakae, wabishane, walipwe.

Na kazi iyo hiyo itabidi ifanyike upande wa data. Mwaka 2022 kundi kubwa la watafiti, wakiwamo wasemaji wa baadhi ya lugha zenyewe, lilikagua kwa macho kopasi 205 za lugha mbalimbali kutoka hazina kubwa tano zinazotumika kufunza mashine. Angalau 15 hazikuwa na maandishi yoyote ya kufaa. Nyingine nyingi zilikuwa na chini ya nusu ya sentensi zinazokubalika. Hesabu iliyofanywa juu ya maandishi hayo ilikuwa sahihi kihisabati kila mara. Tangu hapo hali imekuwa tata zaidi, kwa sababu mtandao umejaa maandishi yaliyotafsiriwa na mashine, na mashine mpya zinayasoma kama matini ya watu. Kuyachuja kwa takwimu peke yake ni kazi ngumu, kwa kuwa makosa ya mashine ni fasaha; sentensi ya mnyama aliyevunjika mguu ingepita kila chujio la ufasaha.

Turudi kwenye zile sentensi za jozi jozi: matokeo yake yachapishwe kundi kwa kundi. Anayejenga mfumo wa maelekezo ya dawa anataka kujua alama ya ukanushi kabla ya kitu kingine chochote. Anayetafsiri mikataba atatazama nani anamdai nani. Mwenye kutafsiri hadithi anaweza kuvumilia kosa la ngeli lakini si la kiwakilishi kinachombadilisha mhusika jinsia katikati ya ukurasa. Leo watu hao watatu wanapewa namba moja, na wote watatu wanaambiwa kwamba mfumo umeboreka.